Vipande Viwili vya Usiku

Hanin alipitiwa na usingizi akiwa amechuchumaa mbele ya chuma, mikono miwili imekishika, chaki imemjaa viganjani. Wenzake walidhani anasoma dua kabla ya kunyanyua, wakamwacha asome. Dua ikawa ndefu. Mara kichwa kikaenda mbele, paji la uso likagonga chuma, ngo! na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

“Amina!” akaitikia Rodina kutoka kwenye benchi, na vicheko vikaanza upya.

Kapteni Fikri hakucheka. Yeye ndiye aliyewafundisha wasichana wa mtaa kunyanyua vyuma, chini ya jukwaa la uwanja wa vijana, katika ukumbi usio na dirisha ambao wakati wa joto huwa tanuri na wakati wa baridi huwa kisima. Alikuwa mtu mfupi, mpana, shingo imezama mabegani. Alimwita Hanin kando kwa kidole.

“Njoo hapa, bingwa wa kulala. Unaumwa?”

“Siumwi, Kapteni.”

“Unalala saa ngapi?”

“Mapema.”

“Mapema ya jioni au mapema ya alfajiri?”

Hanin akatazama viatu vyake. Alikuwa na miaka kumi na tano, mabega ya mtu mzima na uso wa mtoto, na chini ya macho yake kulikuwa na vivuli viwili, utadhani kapakwa wanja na mtu mwenye haraka.

“Nisikilize,” alisema Kapteni Fikri. “Baridi iliyopita chuma hiki ulikuwa unakipeleka juu huku unacheka. Siku hizi kinafika mabegani, kinakaa hapo, kinakungoja uamke. Ijumaa ya wiki ijayo nawapima wote. Katika uzito wako mko wawili, wewe na Rodina, na nafasi ya kwenda Kairo kwenye mashindano ya jamhuri ni moja. Sitaangalia sura ya mtu. Nitaangalia chuma kiko juu au kiko chini.”

“Kitakuwa juu, Kapteni.”

“Nitakwenda kumwona baba yako.”

“Baba saa hizi ndio anajiandaa kulala.”

“Mama yako, basi.”

“Mama yuko kiwandani.”

Kapteni akajikuna shingo, ile kidogo iliyokuwepo. “Nyumba yenu nyie watu mnaonana lini?”

Hanin aliipangusa chaki kwenye suruali, akarudi kwenye chuma, na safari hii hakupata hata kukifikisha mabegani.

Swali la Kapteni lilikuwa na jibu, ila halikuwa jibu la kutoa ukumbini. Inshirah, mama yake Hanin, alisimamia mashine za kusokota nyuzi, zamu ya jioni: huingia saa tisa mchana, hutoka saa tano usiku. Ragab, baba yake, alikuwa mkanda unga katika tanuri la mikate la Hagi Bayumi. Mkanda unga akichelewa, kila mtu amechelewa: unga hauumuki, moto unawaka bure, na Waislamu wakitoka msikitini alfajiri wanakuta meza tupu. Kwa hiyo Ragab alitakiwa ateremke ngazi saa nane na nusu usiku, mji wote wa Mahalla ukiwa bado umefunikwa shuka.

Mke alipokuwa akitoka kwenda kazini, mume ndio kwanza alikuwa anapanda ngazi kurudi. Walikutana ghorofa ya pili. Ragab alimpa mikate ya moto, Inshirah alimpa ufunguo na habari za sufuria, wakatazamana kidogo, wakaachana. Ijumaa kiwanda kilifungwa, Inshirah akalala kulipa deni la wiki nzima, ila tanuri lilimbakiza Ragab mpaka isha: nani aliyewahi kuacha kula mkate kwa kuwa ni Ijumaa? Jumanne tanuri lilipumzika, ila Jumanne mashine hazikupumzika. Saa za kazi hupangwa na watu wanaolala usiku mzima. Wangekesha hata mara moja, wangeona aibu kalamu ikiwa mkononi.

Na Hanin? Asubuhi alipokwenda shule, mama alikuwa amelala na baba yuko kwenye unga. Aliporudi kutoka shule, mama alikwisha kwenda kiwandani, baba yuko mkahawani anacheza domino na wenzake kulitoa tanuri kichwani. Halafu masomo ya ziada, halafu vyuma, halafu isha, na isha ikishasaliwa Ragab alijitupa kitandani kama gunia linaloshushwa kwenye gari. Mchana wote, basi, haukuwa na mzazi ndani yake. Wazazi wake walikuwa usikuni, mmoja kila upande, na Hanin alikwenda kuwafuata hukohuko.

Usiku ule alikaa jikoni na kitabu cha kemia mbele yake, akangoja. Alilisikia basi la kiwanda likishusha pumzi pembeni mwa barabara. Akasikia hatua. Hatua za mama yake alizijua: hupanda ghorofa mbili kwa mkupuo, husimama kuhema, husema “Ya Rabbi” kwa sauti ya chini kana kwamba anamwomba Mungu amfupishie ghorofa iliyobaki, kisha humalizia.

“Bado hujalala, mwezi wangu?”

“Nilikuwa nasoma.”

“Kitabu umekishika juu chini.”

Hanin akakigeuza, wote wakacheka kwa kufunika midomo, maana chumba cha pili Ragab alikuwa anakoroma.

Inshirah alivua mtandio. Pamba ilikuwa imemtulia kwenye nyusi, kwenye kope, kwenye vinyweleo vya mikono. Kila usiku alirudi bibi kizee na kila usiku binti yake alimrudishia ujana. Hanin alipasha moto mchuzi wa mulukhia, akamwekea na mkate, kisha akasimama nyuma yake akimchambua zile nyuzi moja moja huku mama anakula.

“Na wewe je?” Inshirah aligeuka, akamgusa Hanin kwenye ncha za nywele palipokuwa na chaki. “Tumezeeka siku moja, mimi na wewe.”

“Nipe habari za leo.”

“Leo Karima kasinzia kwenye mashine. Msimamizi kamjia: ‘Karima, unaota?’ Karima hata macho hajafungua: ‘Naota umehamishwa.’”

Hanin alicheka mpaka akaweka kichwa kwenye bega la mama yake, na pale begani palikuwa na harufu ya mafuta ya mashine na sabuni ya kiwanda, akatamani saa isimame.

“Haya, kalale,” alisema Inshirah. “Na baba yako asijue nakukeshesha. Atasema nakuharibu.”

Hicho kilikuwa kipande cha kwanza cha usiku. Cha pili kilianza pale simu ilipotetema chini ya mto wa Hanin, wakati mwingine akiwa hajamaliza hata ndoto moja. Aliinuka, akapapasa ukuta mpaka kwenye kitanda cha wazazi wake. Mama alikuwa amezama, hasikii la mwadhini wala la mnadi. Upande wa pili alilala Ragab, ambaye usingizi wake ulijulikana jengo zima. Zamani alikuwa akitega simu yake. Simu ililia, Bi Tahani wa ghorofa ya juu aligonga sakafu kwa fimbo, mbwa wa mtaani walijibu, na Ragab aliendelea kukoroma kwa raha zake. Siku moja baridi iliyopita Hanin alimvuta kidole gumba cha mguu, naye akaamka palepale kama aliyeitwa jina. Tangu siku ile, kidole kikawa ndiyo saa ya nyumba.

“Saa nane?” alinong’ona Ragab.

“Saa nane, baba.”

Walikaa jikoni, kwenye viti vilevile, vikiwa bado na joto. Hanin alichemsha chai, nyeusi, sukari vijiko vinne. Ragab alikuwa mtu mkubwa mwenye mikono mikubwa zaidi, na saa ile ya usiku alikuwa mpole kama mtoto aliyetoka kuoga. Alimsimulia ndoto zake.

“Nimeota donge la unga limeumuka likatoka mlangoni, likashika njia ya Tanta. Mimi nalikimbiza. Hagi Bayumi ananipigia kelele, ‘Lirudishe, ni la Alhamisi!’”

“Ukalikamata?”

“Umeniamsha ndio nilikuwa nalifikia.” Akanywa chai, akakunja uso kidogo, akamtazama binti yake kwa fahari. “Wewe una bahati, mama. Unalala tangu isha, unaamka mbichi. Mimi umri wako nililala kama samaki sokoni. Sasa sikia: mama yako akijua unaniamsha, ataniweka mimi ndani ya tanuri. Hii ni yetu.”

“Yetu, baba.”

Alimbusu kichwani, akateremka. Hanin akaosha gilasi, akarudi kitandani, akalala kale kausingizi kalikobaki mpaka saa ya shule.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mama alidhani mtoto akimwacha jikoni analala moja kwa moja mpaka asubuhi. Baba alidhani mtoto amelala tangu isha. Kila mmoja alichukua kipande kimoja tu, tena kwa mapenzi, na hakujua kwamba mwenzake ameuma upande wa pili. Hanin aliyajua yote mawili, akanyamaza. Kapteni alimtaka alale. Sawa, alale, lakini aache kipi? Aache pamba au aache unga?

Siku mbili baada ya lile tukio la dua, alitoka kwenye mazoezi akijikokota. Alimngoja mama. Walikula, walicheka, wakaagana. Akaweka kichwa kwenye mto. Simu ikatetema, ikatetema, ikaanguka sakafuni, ikaendelea kutetema hukohuko mpaka ikachoka.

Kilichomwamsha ilikuwa sauti ya Hagi Bayumi mwenyewe, kutoka barabarani.

“Ragab! We Ragab! Umefiwa au umekufa?”

Nje kulikuwa kweupe. Sauti nyingine zikafuata, za wanawake waliotoka kwenye foleni kumsindikiza Hagi ili kesi isiwapite.

“Tanuri baridi kama pua ya paka, Fundi Ragab!”

“Watoto wanakwenda shule na nini, na biskuti?”

“Mwacheni bwana harusi apumzike!”

Mlango wa chumba ukafunguka kwa kishindo. Ragab akatoka na fulana, Inshirah akatoka nyuma yake jicho moja limefumba, Hanin akatoka upande wake, na watatu hao wakagongana katikati ya sebule. Wakasimama. Wakatazamana. Ilikuwa muda mrefu hawajasimama wote watatu macho mahali pamoja, na kwa nukta moja walionekana kama wasafiri waliokutana kituoni, kila mmoja anajiuliza huyu nimewahi kumwona wapi.

“Hanin,” alisema Ragab, “mbona leo hukuniamsha?”

“Akuamshe?” Inshirah akafumbua na lile jicho la pili. “Kwani yeye ni jogoo wako?”

“Si yeye anayeniamsha kila siku?”

“Kila siku saa ngapi?”

Ragab akaona amekwisha kuteleza. “Saa… nane.”

“Saa nane ya usiku? Ragab! Mimi naachana na mtoto huyu saa saba!”

“Saba ipi?”

“Saba ya usiku, saba ipi tena! Huwa ananisubiri nikirudi. Tunakula. Tunaongea.”

“Si analala isha?”

“Nani kakwambia analala isha?”

Wote wawili walimgeukia Hanin, na kwa mara ya kwanza wakauona ule uso kwa mwanga wa asubuhi: vile vivuli viwili chini ya macho, na alama nyekundu ya chuma kwenye paji. Midomo ya Ragab ilicheza, anajumlisha. Alipomaliza hesabu alikaa kwenye mkono wa kochi, ghafla, kama mtu aliyesukumwa.

“Ragab!” Hagi alikuwa bado yuko chini. “Nikupandie nikubebe?”

Inshirah akafungua dirisha. “Anakuja, Hagi! Na wewe ukija kutupigia kelele, vaa kilemba, kichwa kinang’aa mpaka huku!”

Barabara nzima ikacheka, na Hagi akashika kichwa. Ragab akateremka mbio, mguu mmoja una ndala yake, mguu wa pili una ya mkewe.

“Wewe,” Inshirah alimwambia binti yake, “leo huendi shule. Ingia kitandani.”

“Mama, mimi si…”

“Kitandani, Hanin.”

Alilala. Alilala usingizi ambao hakuwa ameuonja tangu baridi, mzito, mweusi, usio na simu ndani. Alipozinduka jua lilikuwa limeshapita juu ya jengo, na jikoni kulikuwa na sauti mbili. Sauti mbili! Alikaa akazisikiliza kabla ya kuelewa ni nini kilichokuwa kigeni. Baba alikuwa amerudi mapema, mama alikuwa hajaondoka.

Alipoingia walinyamaza. Kwenye meza kulikuwa na maharage ya ful, mayai, na mikate. Mikate ya siku ile ilikuwa imekaa vibaya, bapa, haikupata muda wa kuumuka. Ragab alikuwa na unga mpaka masikioni.

“Keti, mama,” alisema. “Kapteni wako alikuja tanurini. Ameniambia.”

“Kakuambia nini?”

“Kaniambia kuhusu Kairo. Kuhusu Rodina. Kwamba binti yangu anasinzia juu ya chuma kinachoweza kumvunja shingo, na mimi niko mkahawani napanga domino.” Alikohoa, akaendelea kwa ukali asiouzoea. “Imekwisha. Kuanzia leo hakuna kuniamsha. Nitalala hukohuko tanurini, juu ya magunia.”

“Na mimi nikirudi,” alisema Inshirah, “nikute taa imezimwa na wewe umelala. Ukinisubiri sitaingia. Nitakaa ngazini.”

Walitegemea atashukuru. Hanin aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na msichana yule aliyeweza kunyanyua zaidi ya uzito wake mwenyewe akashindwa kubeba kijiko. Kikaanguka.

“Basi nitawaona wapi?”

“Nani?”

“Nyie! Nitawaona wapi?” Machozi yalimwagika, naye akawa anayapangusa kwa hasira kana kwamba ni ya mtu mwingine. “Asubuhi umelala, mama. Nikirudi umeshakwenda. Baba nikimwona ni mgongo wake anaingia kulala. Hivyo vipande viwili ndivyo nilivyonavyo. Mnasema nilale. Nikilala, nina wazazi gani mimi? Nitawaona kwenye picha ya ukutani?”

Ragab aliinama akaokota kijiko.

Inshirah ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kidogo kilicholowa. “Hanin. Unajua mimi nikishuka kwenye basi natamani nini? Natamani kulala na viatu. Natamani kulala pale pale ngazini. Nakaa macho kwa ajili yako. Nilisema, mtoto kanisubiri na mulukhia, nitamlalia vipi?”

“Na mimi nilikaa macho kwa ajili yako,” alisema Hanin. “Nilisema, ametoka kazini, atakula peke yake?”

“Subirini,” Ragab aliinua mkono wake mkubwa. “Kama leo ni siku ya kusema kweli, mimi ile chai siiwezi. Vijiko vinne! Meno yananiuma mpaka adhuhuri. Nainywa kwa sababu unanitengenezea.”

“Baba! Wewe ndiye ulisema nne!”

“Nilisema moja. Ulikuwa na usingizi.”

Safari hii walicheka bila kufunika midomo, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuamshwa. Kicheko kilipoisha Ragab alibaki anamtazama mkewe upande mwingine wa meza, muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali.

“Mama Hanin,” alisema, “mara ya mwisho mimi na wewe kula meza moja ilikuwa lini?”

“Sikukuu.”

“Ipi?”

Inshirah hakukumbuka.

“Kosa si la mtoto,” alisema Ragab. “Sisi ndio tumeoana, halafu tunapishana ngazini kama tarishi na mwenye nyumba. Pengo liko kati yangu na wewe, na yeye kajilaza juu yake kama daraja.” Akapiga meza, unga ukaruka. “Sikiliza. Nikirudi mchana, silali isha tena. Nalala hapohapo, mchana, mpaka magharibi. Usiku niko macho. Natoka kumchukua Hanin kwenye vyuma vyake, tunarudi, tunakula mimi na yeye kama watu. Yeye analala. Mimi nakungoja wewe. Tunakaa, halafu naondoka zangu kazini moja kwa moja. Nani wa kumwamsha mtu aliye macho?”

“Na domino?”

“Domino zitanisamehe.”

“Wenzako hawatakusamehe.”

“Wenzangu wananipiga kila siku. Watatafuta mwingine wa kumpiga.”

Inshirah alizungusha kipande cha mkate bapa kwenye maharage. “Na mimi asubuhi naamka namsuka nywele,” alisema taratibu. “Nikimaliza namfungulia mlango, narudi kulala. Nywele za mtu anayekwenda Kairo zisukwe na mama yake.” Akamgeukia Hanin. “Inatosha? Si nyingi. Lakini itakuwa mchana, na utakuwa umelala.”

Hanin alitikisa kichwa kukubali, kinywa kimejaa mkate ule mbaya kuliko yote iliyowahi kutoka mikononi mwa baba yake. Aliumaliza, akachukua mwingine.

Usiku wa kwanza ulikuwa mgumu. Alijilaza mapema kitandani na taa imezimwa, lakini masikio yalikataa, yalilisubiri basi. Likaja, likashusha pumzi. Hatua zikapanda, zikasimama, “Ya Rabbi,” zikamalizia. Ufunguo haukuwahi kuingia kitasani. Mlango ulifunguliwa kwa ndani.

“Yalaa! Ragab! Nani kafa?”

“Hakuna aliyekufa. Ingia, chakula kinapoa.”

“Umepika? Basi kweli kuna msiba.”

Hanin alishusha miguu sakafuni. Alitaka kwenda. Pamba ile ilikuwa kazi yake, nani angemchambua mama? Akasikia kiti kikivutwa. Akasikia maji yakimiminwa. Kisha sauti ya baba, ya chini, “Kaa tulivu, hapa kwenye nyusi kuna gunia zima,” na kicheko cha mama yake, kicheko ambacho Hanin hakukijua, chembamba, cha msichana. Alikisikiliza miguu ikiwa bado sakafuni, saruji inamtia baridi. Halafu akairudisha miguu kitandani, mmoja, na wa pili, akajifunika. Hakukumbuka zaidi ya hapo.

Ijumaa ya kupimwa, ukumbi ulijaa. Inshirah alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma na mtandio wake mzuri, nyusi zake nyeusi. Ragab hakuwepo; tanuri halijui siku ya mtoto. Rodina alinyanyua kwanza. Alipandisha uzito uliomshinda mwezi uliopita, wote wakapiga makofi, na ule uliofuata ulimrudisha chini amekaa kitako. Aliinuka akicheka ingawa macho yalikuwa yanang’aa, akampa Hanin kopo la chaki.

“Usisome dua ndefu,” alimwambia.

Hanin alipokuwa anajipaka chaki, mlango ukafunguka na Ragab akaingia moja kwa moja kutoka kwenye unga, mweupe, ndala miguuni, safari hii zote zake. Alikuwa amekanda tangu usiku na hakuwa amefunga jicho. Alimpungia binti yake mkono, akakaa kando ya mkewe, akasema, “Nimewahi?” Inshirah akamjibu, “Umewahi.” Na kabla Hanin hajamaliza kukaza mkanda kiunoni, kichwa cha Ragab kikalala juu ya bega la Inshirah, na bega lile halikusogea hata kidogo.

Hanin alichuchumaa. Akashika. Macho yake yalikuwa wazi, makavu, ya mtu aliyelala. Chuma kikaja mabegani, kikakaa, na safari hii hakikumngoja. Alivuta pumzi, miguu ikagawanyika, mikono ikanyooka, na uzito ule uliomwangusha Rodina ukawa juu ya kichwa chake, umetulia.

“Juu!” alisema Kapteni Fikri. “Achia!”

Wanyanyuaji hukiachia chuma kikaanguka, na kikianguka jukwaa zima hutetemeka. Hanin alimtazama baba yake, mdomo wazi, unga kwenye kope. Alijua vizuri kwamba mtu yule haamshwi na simu wala fimbo ya Bi Tahani. Hata hivyo hakuachia. Alikishusha mabegani. Akakishusha mapajani, mishipa imemtoka shingoni. Akachuchumaa nacho, akakilaza sakafuni, taratibu, bila mlio.

“Unafanya nini, we mtoto? Hakivunjiki hicho!”

“Baba amelala, Kapteni.”

Kapteni Fikri aligeuka, akaona. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka ikawa mnong’ono, na watu wote wakainama mbele ili wamsikie.

“Kairo,” alisema. “Hanin.”

“Amina,” alinong’ona Rodina.

Hanin alikwenda kwenye benchi la nyuma kwa ncha za vidole. Inshirah alikuwa analia bila kutikisa bega.

“Mvute kidole,” alisema kwa midomo tu. “Mwamshe umwambie.”

Hanin alipiga magoti. Kidole kilikuwa pale, kinachungulia kwenye ndala, na unga umekauka kwenye ukucha. Alinyoosha mkono mpaka karibu kukigusa. Kisha akaurudisha.

“Mwache alale,” alisema. “Nitamwambia jioni, tukila.”